Mfupa Hujengwa Vipi, na Msuli Unaingiaje: Maelezo Kupitia Visukuku vya Tendaguru

Tendaguru ni kilima kilichopo kilomita 60 hivi kaskazini magharibi mwa mji wa Lindi. Miongoni mwa visukuku vilivyochimbwa huko kuna maelfu ya mifupa ya dinosaria mdogo aitwaye Dysalotosaurus, mla majani aliyetembea kwa miguu miwili. Mwaka 2012 mtafiti Tom Hübner alichapisha uchunguzi wa mifupa hiyo. Alieleza kwamba mnyama huyu alipevuka kizazi akiwa na miaka kumi, na kwamba kasi yake kubwa kabisa ya kukua ililingana na ya kangaruu mkubwa. Tunamzungumzia mnyama aliyekufa miaka milioni 150 hivi iliyopita. Hiyo miaka kumi imepatikana wapi?

Imepatikana ndani ya mfupa wenyewe. Mfupa, wakati unajengwa, huacha alama za kasi ya ujenzi, za misimu na za mvuto wa misuli iliyoshikamana nao. Lakini alama hizo hazisomeki ovyo. Ni lazima kwanza kujua mfupa hai unafanya kazi gani.

Madini na nyuzi

Theluthi mbili hivi ya uzito wa mfupa ni madini, aina ya fosfeti ya kalsiamu iitwayo haidroksiapataiti. Kinachobaki ni nyuzi za kolajeni pamoja na maji. Kuna jaribio rahisi linalotenganisha vitu hivyo viwili. Chukua mifupa miwili ya mapaja ya kuku, uisafishe nyama yote. Mmoja uzamishe kwenye siki kwa siku nne au tano, ukibadilisha siki kila siku. Asidi itayeyusha madini, na mfupa utapindika bila kuvunjika kwa sababu umebaki nyuzi tupu. Wa pili uchome kwenye makaa mpaka uwe mweupe. Hapo nyuzi zimeungua na madini yamebaki. Ubane kwa vidole na utasagika. Ugumu wa mfupa unatoka kwa madini, na uwezo wake wa kustahimili mshtuko unatoka kwa kolajeni. Kikosekana kimoja, hakuna mfupa wa kubebea mzigo.

Mfupa uliofukiwa ardhini hupoteza kolajeni, ila madini hubaki na matundu yake hujazwa madini mengine yanayoletwa na maji ya ardhini. Kwa hiyo umbo la ndani linahifadhika kwa undani wa ajabu. Njia za mishipa ya damu zinaonekana, na hata vijumba vidogo zilimokaa seli vinaonekana.

Seli zenyewe ni za aina tatu. Osteoblasti hujenga: humwaga kolajeni, kisha huiwekea madini. Baadhi yake hujifukia ndani ya kile zilichojenga na kugeuka osteositi, ambazo zimeunganishwa kwa vinyweleo vyembamba na kazi yake kubwa ni kuhisi mzigo. Osteoklasti hula mfupa wa zamani. Kwa mtu mzima, asilimia 10 hivi ya mifupa hubomolewa na kujengwa upya kila mwaka. Kazi hiyo haina haraka sawa pande zote mbili: shimo dogo linalochimbwa na osteoklasti kwa wiki chache linahitaji miezi mitatu au minne kuzibwa. Udhaifu wa mifupa kwa wazee na kwa wanawake waliokoma hedhi unaanzia hapo, ubomoaji unapoushinda ujenzi.

Urefu ni jambo moja, unene ni jingine

Mifupa ya bapa ya fuvu, na sehemu kubwa ya mtulinga, hujengwa moja kwa moja ndani ya utando laini. Mifupa mirefu hutangulia kuwa gegedu, tishu inayopindika kama ya sikio. Kuanzia wiki ya saba au ya nane ya mimba, gegedu hilo huanza kubadilishwa kuwa mfupa, katikati kwanza, halafu baadaye kwenye ncha. Katikati ya shina na ncha hubaki bamba la gegedu, na hapo ndipo mtoto anaporefukia. Seli za gegedu hugawanyika kwa kujipanga safu, huvimba, hujizungushia madini, kisha mishipa ya damu huingia na osteoblasti hufuata nyuma yake.

Je, ni nini kinachoamuru seli iwe osteoblasti? Mwaka 1997 timu mbili zilionyesha kwamba panya walioondolewa geni ya RUNX2 huzaliwa na mifupa ya gegedu tupu. Na kinachofunga bamba la ukuaji ni homoni ya estrojeni, kwa wasichana na kwa wavulana pia. Hilo la wavulana lilidhihirika mwaka 1994, ilipochapishwa habari ya mwanamume wa miaka 28 ambaye mwili wake haukuweza kuipokea estrojeni. Alikuwa na urefu wa sentimita 204 na bado alikuwa anaendelea kurefuka.

Kwa anayesoma visukuku, hata hivyo, urefu hauna kumbukumbu nzuri, maana gegedu linaliwa na kubadilishwa. Kumbukumbu ipo kwenye unene. Shina la mfupa limevikwa utando wenye osteoblasti, nazo huongeza tabaka juu ya tabaka kutoka nje. Huo ndio ukuta unaokatwa na kutazamwa kwa hadubini.

Mwaka 1947 Mwitaliano Rodolfo Amprino alitoa kanuni ambayo bado inatumika: aina ya tishu ya mfupa hufuata kasi ya kuwekwa kwake. Mfupa unaojengwa polepole una nyuzi zilizolala sambamba, tabaka kwa tabaka, na mishipa michache. Unaojengwa haraka una nyuzi zilizochanganyika ovyo na mishipa tele, kisha nafasi zinazozunguka mishipa hiyo huzibwa baadaye kwa mfupa uliopangika. Mseto huu wa pili ndio unaopatikana kwa ng'ombe, kwa ndege wakubwa, na kwa dinosaria wa Tendaguru.

Kasi hupimwa kwa wanyama walio hai. Dawa ya tetrasaiklini hunata kwenye mfupa unaojengwa siku ile, na hung'aa chini ya mwanga wa urujuanimno. (Ndiyo sababu hiyohiyo wajawazito na watoto wadogo hawapewi: inanata pia kwenye meno yanayojengwa, yakatoka na rangi ya manjano au kahawia.) Mnyama hupewa dozi mbili au zaidi kwa vipindi vinavyojulikana, kisha hupimwa umbali kati ya mistari inayong'aa. Mfupa wa tabaka wa mtu mzima huongezeka chini ya maikromita moja kwa siku au karibu na hapo. Kifaranga cha pengwini mfalme kimepimwa hadi maikromita 171 kwa siku. Tofauti hiyo ni kubwa mno kiasi kwamba hata kwenye jiwe la miaka milioni 150 haiwezi kujificha.

Kutoboa mfupa wa Tendaguru

Visukuku vya Tendaguru vilijulikana kwa Wazungu mwaka 1906, mhandisi wa migodi Bernhard Sattler alipokuta mifupa njiani. Kati ya 1909 na 1913 msafara wa makumbusho ya Berlin, chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, na baadaye Hans Reck, ulichimba kwa nguvu za mamia ya wenyeji wakisimamiwa na Boheti bin Amrani, ambaye ustadi wake wa kutambua na kutoa mifupa ardhini haujapewa nafasi unayostahili vitabuni. Mizigo ilibebwa kichwani na mabegani mwendo wa siku nne hivi mpaka Lindi, ikapakiwa melini. Suala la kuirejesha nyumbani lina mjadala wake. Hapa tuangalie kilichofanyika maabara.

Mfupa wa mkono wa juu wa Giraffatitan, yule "mjusi" mkubwa aliyesimamishwa Berlin, una urefu wa mita 2.13. Hakuna msimamizi wa makumbusho atakayeruhusu ukatwe vipande viwili. Martin Sander, aliyechapisha utafiti wake mwaka 2000, alitoboa kwa keekee yenye mdomo wa pete wa milimita 16, katikati ya shina, akatoa kijiti cha mawe kinachovuka ukuta mzima wa mfupa. Shimo linazibwa, na kwa nje hakuna anayeliona.

Kijiti hicho kinazamishwa kwenye gundi ngumu ya epoksi, kinakatwa kwa msumeno wa almasi, kinasuguliwa upande mmoja kwenye kioo chenye unga wa karbaidi ya silikoni, kikianzia unga wa chembe kubwa hadi laini, kisha kinagandishwa kwenye kioo cha hadubini na kusuguliwa upande wa pili mpaka kibaki unene wa maikromita 50 hadi 80. Makosa ni mengi hapa. Gundi isipoondolewa hewa, mapovu hukaa chini ya kipande na kukifanya kimeguke dakika za mwisho. Mkono ukielemea upande mmoja, kipande huwa chembamba huku na kinene kule, na rangi zinazoonekana kwa mwanga uliopolaraishwa zitadanganya. Kosa baya zaidi hufanyika kabla ya msumeno: kutoboa mbali na katikati ya shina. Karibu na ncha mfupa huliwa na kuundwa upya kila unaporefuka, kwa hiyo miaka ya mwanzo inakuwa imefutwa.

Kinachotafutwa ni mistari ya kukoma kukua, inayowekwa mara moja kwa mwaka kama pete za mti. Zamani ilidhaniwa kwamba mistari hiyo ni ya wanyama wenye damu baridi peke yao. Mwaka 2012 Meike Köhler na wenzake waliipata kwa wanyama wacheuao wa spishi 41, kutoka maeneo ya baridi kali mpaka ya joto. Mwili wa mnyama hupunguza ukuaji msimu mbaya unapofika, na msimu mbaya si lazima uwe wa theluji. Kwa mnyama wa kusini mwa Tanzania, penye msimu mmoja wa mvua, miezi mikavu inatosha.

Tatizo la Tendaguru ni kwamba mistari hiyo ni haba. Majitu mengi yalikua bila kusimama kwa sehemu kubwa ya maisha yao. Sander alipata hesabu nzuri kwenye mfupa wa paja wa Janenschia, jitu jingine la Tendaguru: alipevuka akiwa na angalau miaka 11, akafikia ukubwa wake wa mwisho kwenye angalau miaka 26, akafa akiwa na angalau miaka 38. Neno "angalau" lisipuuzwe. Uwazi wa uboho hupanuka kutoka ndani na kula mistari ya utotoni, kwa hiyo kila hesabu ni kiwango cha chini. Kwa Dysalotosaurus, Hübner ilimlazimu kuacha mistari na kuhesabu mikanda ya ukuaji wa haraka ikipishana na ya polepole.

Alichunguza mifupa ya aina tano, na hapo akakuta jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo la maana kuliko umri wenyewe. Mifupa mikubwa iliyotumika sana ilikua kwa kasi na ilikuwa na mistari michache. Midogo isiyotumika sana ilikua taratibu na ilikuwa na mistari mingi. Mwili ule ule, mwaka ule ule, kasi tofauti. Kazi ndiyo iliyoleta tofauti, na kazi ya mfupa huletwa na msuli.

Msuli unavyoutengeneza mfupa

Uzi mmoja wa msuli si seli moja ya kawaida. Ni seli changa nyingi zilizoungana na kubaki na viini vingi ndani ya mfuko mmoja. Mwaka 1987 iligundulika geni ya MyoD, ambayo ukiiwasha ndani ya seli ya kawaida ya tishu unganishi, seli hiyo hugeuka kuwa ya msuli. Baada ya kuzaliwa, idadi ya nyuzi haibadiliki sana. Msuli hukua kwa nyuzi kunenepa, zikisaidiwa na seli za akiba zinazokaa pembeni mwake, ambazo Alexander Mauro alizieleza mwaka 1961 kwenye msuli wa chura. Kuna breki pia. Mwaka 1997 Alexandra McPherron na Se-Jin Lee waliondoa protini ya maiostatini kwa panya, wakapata panya wenye misuli mizito mara mbili hadi tatu. Ng'ombe wa Ubelgiji wenye mapaja yaliyofura wana hitilafu ya geni hiyohiyo.

Wengi hudhani mfupa hubeba hasa uzito wa mwili. Kwa kweli misuli ndiyo huubana zaidi, kwa sababu hujishika karibu na kiungo na hivyo hulazimika kuvuta kwa nguvu nyingi. Ukisimama kwa mguu mmoja, kiungo cha nyonga hubanwa kwa nguvu ya mara mbili na nusu ya uzito wako, au zaidi, na sehemu kubwa ni msuli wa pembeni unaozuia kiuno kisilale upande.

Julius Wolff aliandika mwaka 1892 kwamba mfupa hujipanga kufuata mzigo. Wacheza tenisi waliibua ushahidi mzuri: mkono unaoshika raketi una mfupa mnene kuliko mwingine, kwa mtu yule yule mwenye chakula kile kile. Upande wa pili wapo wanaanga, ambao hupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya uzito wa mfupa wa nyonga kwa kila mwezi wa kuelea. Ujumbe huo hupitia osteositi. Seli hizo hutoa protini ya sklerostini inayozuia osteoblasti kujenga. Mfupa ukipata mzigo, sklerostini hupungua na ujenzi huanza. Geni yake ilitambuliwa mwaka 2001 kwa kuchunguza familia, zikiwemo za Makaburu wa Afrika Kusini, ambazo mifupa yao huongezeka unene bila kikomo. Dawa ya kuizuia, romosozumabu, iliidhinishwa mwaka 2019.

Msuli huanza kazi hii kabla ya kuzaliwa. Viinitete vya panya visivyo na misuli inayofanya kazi hupata viungo vilivyogandamana, kwa kuwa nafasi kati ya mifupa haijitengi bila kuvutwavutwa. Mwaka 2009 timu ya Elazar Zelzer, Israeli, ilionyesha kwamba kibiringo (kinundu) cha mfupa panaposhika msuli hujengwa kwa hatua mbili: kano hukianzisha, hata kama msuli haupo, halafu mvuto wa msuli hukikuza.

Matokeo hayo yanamsaidia sana anayeshika mfupa wa Tendaguru. Kwenye paja la Dysalotosaurus kuna kibiringo kinachoning'inia nyuma ya shina, kinachohusiana na msuli mkubwa uliotoka mkiani kuuvuta mguu nyuma. Tunajuaje? Mamba wa Mto Ruvuma wana msuli huo mpaka leo, na kuku wanao mabaki yake, madogo kwa kuwa mkia umefupika. Kinachopatikana kwa mamba na kwa ndege pia, huchukuliwa kuwa kilikuwepo kwa dinosaria. Ushahidi mwingine ni nyuzi za kolajeni ambazo kano huzichomeka ndani ya mfupa: kwenye kipande chembamba zinaonekana kama vistari vilivyolala upande wa mvuto.

Lakini kovu kubwa si msuli mkubwa. Misuli mingi hushika mfupa kwa nyama moja kwa moja, na huacha uso laini usioonyesha chochote. Anayechora mapaja ya dinosaria kwa kupima makovu peke yake anabuni. Hata uzito wa mwili ni kazi ya makadirio: Giraffatitan aliwahi kupewa tani 78 mwaka 1962, kwa kupima ujazo wa sanamu. Njia ya mwaka 1985 hutumia mzingo wa mifupa: jumlisha mzingo wa mkono wa juu na wa paja kwa milimita, upandishe kwa kipeo cha 2.73, uzidishe kwa 0.078, upate gramu. Milimita 654 na 730 zinatoa tani 29 hivi. Mwaka 2009 Mike Taylor, kwa kupima ujazo tena, alipata tani 23.

Mguu uliovunjika leo

Mfupa uliovunjika hurudia hatua zilezile za utotoni. Aliyeanguka mnazi au kwenye bodaboda hupata kwanza donge la damu penye ufa. Ndani ya wiki mbili au tatu donge hubadilika kuwa gegedu na nyuzi. Baadaye gegedu hugeuka mfupa mchanga wa ovyo ovyo, ambao kwa miezi na hata miaka huchongwa upya kufuata mzigo. Mkono wa mtu mzima mara nyingi hushika kwa wiki 6 hadi 10, paja wiki 12 au zaidi, mtoto haraka kuliko hapo.

Makosa makubwa ni matatu. La kwanza ni kuuacha mfupa uchezecheze sana: mishipa midogo inayoingia kwenye gegedu hukatika kila mara, tishu hubaki nyuzi tupu, na mahali pasipo kiungo panapata kiungo bandia. La pili ni kufunga vijiti kwa kukaza mno. Uvimbe unapoongezeka damu haipiti, na msuli huanza kufa ndani ya saa sita hivi. Maumivu yasiyolingana na jeraha, hasa vidole vikinyooshwa, na ganzi vidoleni, ni dalili ya kulegeza kamba palepale na kukimbilia hospitali, si ya kumwambia mgonjwa avumilie.

La tatu ni kukanda. Kiwiko au paja lililoumia likikandwa kwa nguvu siku za mwanzo, mfupa huweza kuota ndani ya msuli, na kiungo kikakataa kukunjika. Si uchawi. Mwaka 1965 Marshall Urist aliweka mfupa ulioondolewa madini ndani ya misuli ya wanyama, na mfupa mpya ukaota humo. Protini zilizomo kwenye mfupa huziamuru seli za jirani kugeuka osteoblasti, na msuli uliojeruhiwa una seli tele zinazopokea amri hiyo.

POP (plasta ngumu ya kuushikilia mfupa) ikitolewa, mguu huwa mwembamba. Msuli hurejea ndani ya wiki na miezi, lakini mfupa uliopungua madini huchukua muda mrefu zaidi, na hilo halionekani kwa macho. Mgonjwa huhisi ana nguvu kabla mfupa haujawa tayari kuzibeba. Kwa hiyo mzigo huongezwa kidogo kidogo: magongo mawili, halafu moja, na picha ya eksirei ikionyesha ufa umezibwa ndipo gongo la mwisho liwekwe chini. Kupanda mnazi kunasubiri zaidi ya hapo.